Figo ya Kupewa, Misuli Iliyolipa

Ukivuka feri ya Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, Mwabungo utaikuta baada ya Ukunda na kabla ya Msambweni: minazi, maduka kandokando ya lami, na upande wa baharini msitu wa Kaya Kinondo. Mtu wa hapa figo zake zikifa, maisha yake hugeuka kuwa ratiba. Kwanza ni kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, nauli ya kwenda na kurudi, na mwili kuwa hoi kila siku ya mashine. Kisha, kwa wachache waliojaliwa ndugu wa kutoa figo na harambee iliyojaa, huja safari ya Nairobi, Eldoret au India. Akirudi akitembea kwa miguu yake, mtaa mzima huhesabu kwamba yamekwisha. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na kwa mgonjwa huyu maneno hayo ni ya kitabibu kabisa. Tangu siku aliyopandikizwa anameza dawa za kushusha kinga ya mwili, ataendelea kuzimeza maadamu figo ile i hai, na kila dawa nyingine itakayopita kinywani mwake itazikuta humo ndani.

Mengi tunayojua leo kuhusu antibiotiki zinavyoumiza misuli na kano tuliyajua kwanza kwa watu wa namna hii. Hawakujitolea kufanyiwa majaribio. Walikuwa tu wagonjwa wenye dawa nyingi mwilini kuliko wengine, na kasoro ambayo kwa mtu mzima wa afya ingepita kama uchovu wa shamba, kwao ilionekana wazi.

Pwani ya kusini ina historia yake ya figo, ya zamani kuliko mashine za kusafisha damu. Kichocho cha mkojo kilikuwa kimeenea vijiji vya Msambweni, na katika miaka ya 1980 watafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, miongoni mwao John Ouma na Charles King, walipiga kambi huko. Walipima mkojo wa watoto wa shule, wakalinganisha dawa mbili, metrifonati na prazikwanteli, na kwa mashine za kuona ndani ya mwili wakaangalia jinsi mayai ya minyoo yanavyoziba njia ya mkojo hadi figo inavimba. Kwa watoto wengi madhara hayo yalirudi nyuma baada ya matibabu. Siku hizi figo za Wakenya huuawa zaidi na shinikizo la damu na kisukari, lakini kwa mtu ambaye njia yake ya mkojo ilikwisha kuharibika, maambukizi ya mkojo humrudia, na dawa za maambukizi hayo ndizo zitakazotuhusu.

Upandikizaji uliofanikiwa ulianza kwa ndugu wasiotofautiana. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, daktari Joseph Murray alimpa Richard Herrick figo ya pacha wake Ronald. Kwa kuwa pacha hao walifanana kwa kila kitu, mwili wa Richard haukuikataa, naye akaishi miaka minane zaidi. Wasio na pacha walihitaji kinga yao ifungwe. Roy Calne, daktari wa upasuaji Mwingereza, alisaidia kuingiza azathioprini katika kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikaambatanishwa na prednisoloni, na figo za watu wasiofanana kabisa zikaanza kudumu. Lakini kinga ikifungwa, inafungwa kwa kila kitu. Christiaan Barnard alipompandikiza Louis Washkansky moyo mjini Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, dunia nzima ilitangaziwa, na siku 18 baadaye Washkansky akafa kwa nimonia, moyo wake mpya ukiwa bado unapiga vizuri. Tangu hapo antibiotiki na kiungo cha kupandikizwa ni sahani na kawa.

Kilichobadilisha mambo kilitoka kwenye udongo. Mwaka 1969 Hans Peter Frey, mfanyakazi wa kampuni ya Sandoz ya Uswisi, alikuwa likizoni kwenye nyanda za Hardangervidda nchini Norway, akachota udongo kidogo, kama kampuni ilivyokuwa ikiwahimiza wafanyakazi wake wanaposafiri. Ndani yake mlikuwa na kuvu, na kutokana na kuvu huyo Jean-François Borel na Hartmann Stähelin, katika maabara za Basel, walipata siklosporini, ambayo mwaka 1972 waligundua kuwa inashusha kinga bila kuua chembe za uboho. Calne aliipeleka kwa wagonjwa wa Cambridge mwaka 1978. Marekani iliipa kibali mwaka 1983, na upandikizaji ukaacha kuwa bahati nasibu.

Mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, jarida la madaktari la New Zealand lilichapisha barua fupi. Aliyeiandika alikuwa Ross Bailey, bingwa wa figo wa Christchurch, pamoja na wenzake wawili. Ilihusu mgonjwa aliyepandikizwa figo, akapata maambukizi ya mkojo, akapewa norfloksasini, dawa mpya kutoka Japani, na baadaye kano ya kisigino chake, ile kamba nene inayofunga misuli ya shavu la mguu kwenye mfupa, ikaanza kuvimba na kuuma. Barua ile haikuwa na takwimu za kutisha wala jedwali. Kwa maoni yangu ndiyo hati muhimu kuliko zote katika historia hii, na sababu yake ni nyepesi: kuna mgonjwa aliyelalamikia kisigino kwa daktari wa figo, na daktari hakumwambia kwamba kisigino si kazi yake.

Ukoo wa norfloksasini unatuhusu sisi watu wa Pwani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1962 George Lesher na wenzake wa Sterling-Winthrop, Marekani, walikuwa wakishughulikia mabaki yaliyopatikana katika utengenezaji wa klorokwini. Kutokana na mabaki hayo wakapata asidi ya nalidiksi, dawa ya mkojo. Ndiyo klorokwini ileile, chungu kama shubiri, iliyomwasha mtu usiku kucha hadi akaomba bora homa, na ambayo Kenya iliiweka kando mwaka 1998 kwa sababu malaria ilikwisha kuizoea. Kutokana na asidi ya nalidiksi, kwa kuongezewa chembe ya florini, wakazaliwa norfloksasini, siprofloksasini, ofloksasini na levofloksasini. Siprofloksasini ya Bayer ilipata kibali Marekani mwaka 1987, na katika miaka michache ikawa dawa ya kila kitu: mkojo, kuhara, taifodi, kidonda kisichopona.

Kwa nini kano? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba dawa hizi hushikamana na madini ya magnesi na kuvuruga chembe zinazotengeneza nyuzi za kano. Kano hupata damu kidogo, kwa hiyo ikichanika ndani kwa ndani hujishona polepole. Aliyepandikizwa ana mizigo mingine miwili juu ya huo. Prednisoloni anayomeza kila siku inadhoofisha nyuzi zilezile. Na siprofloksasini hutolewa mwilini zaidi kupitia figo, hivyo figo moja isiyo na nguvu kamili huiacha dawa ikae ndani muda mrefu. Madaktari wa Ufaransa waliandika visa vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2002 ikatoka Australia taarifa ya kano za visigino zilizoharibika kwa watu waliopandikizwa mapafu. Kuna waliosikia mlio nyuma ya mguu kama wamepigwa teke, wakageuka, wasione mtu.

Kufikia hapo tulikuwa kwenye kano. Msuli wenyewe, nyama yenyewe, uliingia katika kesi kwa mlango mwingine.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilipata kibali cha lovastatini, dawa ya kushusha mafuta katika damu. Njia yake ilikuwa imefunguliwa na Akira Endo wa Japani, aliyepata dawa ya kwanza ya jamii hiyo mwaka 1973 kutokana na kuvu wa kwenye mchele wa duka la nafaka la Kyoto. Waliopandikizwa moyo waliihitaji haraka kuliko wengine, kwa kuwa siklosporini na prednisoloni huyapandisha mafuta hayo, na mishipa ya moyo mpya huziba mapema. Wakapewa. Haukupita mwaka. Mwaka 1988 majarida makubwa ya Marekani yalichapisha visa vya wagonjwa wa moyo wa kupandikizwa walioshindwa kuinuka kitandani, mapaja yakiuma, mkojo ukiwa mweusi kama soda. Misuli yao ilikuwa inayeyuka. Na mwaka huohuo madaktari wengine wakaeleza kisa cha lovastatini iliyokutana na eritromaisini, antibiotiki ya kikohozi na koo ambayo hakuna aliyekuwa akiiogopa.

Ubaya wa msuli kuyeyuka hauishii kwenye msuli. Hilo lilijulikana tangu mabomu ya Wajerumani yalipoangukia London. Eric Bywaters, daktari katika hospitali ya Hammersmith, aliona watu wanatolewa chini ya vifusi wakiwa hai, miguu imepondeka, wanaongea, wanakunywa chai, kisha baada ya siku chache wanakufa kwa figo. Mwaka 1941, yeye na Desmond Beall walieleza ugonjwa huo, na kazi iliyofuata ikaonyesha kwamba rangi nyekundu ya nyama, ikimwagika kwenye damu kwa wingi, huziba na kuharibu vijifereji vya figo. Sasa mweke hapo mtu ambaye figo yake ni moja, tena ya kupewa. Dawa ya koo inaweza kumnyang'anya kile ambacho ndugu yake alipasuliwa tumbo kumpa.

Ilichukua miaka kueleza kwa usahihi yanayotokea kwenye ini, lakini mtu wa Mwabungo hahitaji kemia nyingi kuyaelewa. Ini lina kimeng'enya kinachovusha dawa nyingi nje ya mwili, kama feri za Likoni zinavyovusha magari. Eritromaisini na ndugu yake klarithromaisini huifunga feri moja kwa matengenezo. Siklosporini na lovastatini, ambazo zote mbili zilikuwa zikivuka hapo, hubaki upande huu, foleni ikarefuka hadi Mtongwe. Mgonjwa hakuongeza kidonge hata kimoja cha mafuta, lakini damuni mwake ni kama amemeza vingi. Siklosporini nayo ina ubaya wake: inauzuia mlango ambao lovastatini hupitia kuingia kwenye ini, kwa hiyo dawa ile inaelea katika damu ikitafuta pa kwenda, na inapoenda ni kwenye misuli. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume chake. Huongeza feri, kila kitu kinavuka mbio, siklosporini inaisha damuni, na mwili unaamka na kuanza kuikataa figo. Kwa nchi yenye kifua kikuu kama yetu, hilo la pili ndilo linalowakosesha usingizi madaktari wa figo.

Eritromaisini nayo ina udongo wake, na siwezi kuipita bila kusimulia. Mwaka 1949 Abelardo Aguilar, daktari wa Iloilo nchini Ufilipino aliyefanya kazi na kampuni ya Eli Lilly, aliituma Marekani sampuli ya udongo wa kwao. Mwaka 1952 dawa ikaingia sokoni, na mojawapo ya majina yake ya biashara, Ilosone, likachukuliwa kutoka jina la Iloilo. Aguilar alidai mrabaha kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1993 bila kuupata. Nikiwaza kisa hicho nawakumbuka wazee wa Kaya Kinondo, ambao mgeni akiingia msituni mwao hufungwa kitambaa cheusi kiunoni na kuambiwa asitoke na kitu chochote, iwe jani au kijiti. Huenda Aguilar angewaelewa kuliko watalii wengi.

Lovastatini na wenzake hawakutupwa, na ilikuwa sawa. Mwaka 1995 Jon Kobashigawa na wenzake wa Los Angeles walionyesha kwamba pravastatini, isiyoitegemea ile feri, iliongeza maisha ya waliopandikizwa moyo. Suala likawa kuchagua dawa, kupunguza kipimo, na kujua nini kingine mgonjwa anameza. Kati ya antibiotiki za jamii ya eritromaisini, azithromaisini haizibi njia kwa kiasi hicho, na ndiyo maana madaktari wa upandikizaji huielekea zaidi.

Kwa upande wa kano, mambo yalikwenda kwa mwendo wa kobe. Kutoka barua ya Christchurch hadi onyo zito kwenye pakiti ilipita robo karne. Shirika la kutetea wananchi la Public Citizen liliiomba mamlaka ya dawa ya Marekani iweke onyo hilo, halikujibiwa inavyostahili, na mwezi Januari 2008 likaenda mahakamani. Mwezi Julai mwaka huo onyo likatoka, limewekwa ndani ya kisanduku cheusi: hatari ya kano kuvimba au kukatika ni kubwa zaidi kwa waliozidi miaka 60, wanaotumia dawa za jamii ya prednisoloni, na waliopandikizwa figo, moyo au mapafu. Mwaka 2016 mamlaka hiyo ilieleza kwamba kwa maambukizi madogo ya mkojo, mafua ya sainasi na mkamba, dawa hizi ziachiwe wasio na chaguo jingine. Ulaya ilibana zaidi mwaka 2018 na 2019.

Onyo hilo huchapishwa kwenye karatasi ya maelezo inayokunjwa ndani ya boksi, na hapo ndipo safari yake hukwama. Katika duka la dawa la kando ya barabara, Mwabungo au kwingineko, boksi zima halinunuliwi. Mteja anasema, "Nipe sipro za siku tano na panadol." Muuzaji anatoa bamba la vidonge, anachukua makasi, anakata vidonge kumi, mara nyingi makasi yakipita katikati ya jina la dawa. Anavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki na kuandika 1×2. "Shangazi, kimoja asubuhi, kimoja jioni, ushibe kwanza." Karatasi ya maelezo inabaki kwenye boksi, pamoja na vidonge vya mteja wa kesho. Sheria inataka cheti cha daktari kwa dawa hizi. Kila mtu anaijua sheria hiyo, na kila mtu anajua pia kwamba foleni ya zahanati ni ya asubuhi nzima na duka liko hatua ishirini. Sitamlaumu muuzaji peke yake. Ninachomlaumu ni kutouliza swali moja linalochukua pumzi moja: unatumia dawa gani nyingine?

Kuna antibiotiki moja iliyokaribia kuzikwa kwa sababu ya misuli, na kisa chake kinapaswa kusimuliwa hapa. Miaka ya 1980 Eli Lilly walipata daptomaisini kutoka kwenye bakteria wa udongo wa Mlima Ararat, Uturuki. Iliua vijidudu sugu vilivyozishinda nyingine. Lakini watu wenye afya waliojitolea kwa majaribio, wakipewa kipimo kikubwa kila baada ya saa 12, walianza kuumwa misuli na kuishiwa nguvu, na mwaka 1991 Lilly wakaachana nayo. Mwaka 1997 kampuni changa ya Cubist, kwa msukumo wa daktari Francis Tally, iliichukua kutoka kabatini. Majaribio kwa mbwa yalionyesha jambo ambalo lilikuwa halijazingatiwa: kiasi kilekile cha dawa kikitolewa mara moja kwa siku, misuli huumia kidogo kuliko kikigawanywa mara kadhaa, kwa sababu inapata saa za kutosha kujitengeneza. Mwezi Septemba 2003 ikapata kibali. Leo hupewa kwa mshipa, hospitalini, pamoja na kwa waliopandikizwa ambao vijidudu vyao havisikii dawa nyingine, na damu yao hupimwa kila wiki kuangalia kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli. Ikibidi, dawa ya mafuta husimamishwa kwanza.

Kenya ilijiunga mwaka 2010 na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa. Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu ya manjano kwa kazi hiyo, na siku hizi taarifa hupelekwa pia kwa mtandao. Hata mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti. Fomu hiyo inauliza umri, dawa inayoshukiwa, tarehe ya kuianza na kuiacha. Kisha inataka orodha ya dawa zote zilizotumiwa katika miezi mitatu iliyopita, pamoja na zilizonunuliwa dukani bila cheti na za miti shamba. Kwa mgonjwa wa figo wa Mwabungo orodha hiyo inaweza kuwa na vidonge vya Eldoret, dawa ya shinikizo ya Msambweni, sipro za kando ya barabara na kikombe cha mizizi kutoka kwa mganga, na mara nyingi hakuna anayeijua yote isipokuwa yeye na aliye naye nyumbani.